Reli Iliyosukwa

Mama Vipimo hakutaka vijiti ndani ya nyumba yake, na alimwambia mwenye vijiti usoni, maana hakuwa mtu wa kumumunya maneno.

"Wifi, nyumba hii ina vumbi la kutosha. Ukiniletea na kuni za kutundika ukutani, nani atazipangusa?"

"Atazipangusa kaka yangu," wifi yake alijibu. "Mikono anayo."

Mume wa Mama Vipimo, ambaye alikuwa palepale mezani akinywa chai, aligeuza ukurasa wa gazeti kana kwamba hakusikia. Alikwisha zoea. Kati ya mke na dada, mwenye akili hujifanya kiziwi.

Huyo wifi alikuwa msusi, mwenye saluni yake mtaa wa nyuma, na vidole vyake havikujua kutulia. Akikosa kichwa cha kusuka, alisuka nyasi, kamba, mifuko ya plastiki, chochote. Siku hizo alikuwa amepagawa na fito za mierebi. Mierebi iliota bondeni, nyuma ya kituo cha kusukuma maji, miti yenye matawi marefu membamba yaliyoinamia mto kama watu wanaonawa uso. Mlinzi wa kituo alimruhusu akate apendavyo, kwa kuwa matawi yakizidi huziba mdomo wa bomba la kuvutia maji. Kila siku ya mapumziko msusi alishuka bondeni na mkasi wa kupogolea, akapanda na mzigo begani, matope hadi magotini, akiwa na furaha kama mtu aliyetoka harusini.

Kutokana na mizigo hiyo alikuwa ametengeneza fremu ya kioo kikubwa cha saluni, kofia ya taa iliyotandaza nyuzi za kivuli dari nzima, na pazia la fito la kutenganisha wateja wanaooshwa na wale wanaosukwa. Wateja walivipapasa na kuulizia. Mama Vipimo alipokwenda kusukwa, alikaa chini ya taa hiyo akaitazama kama anayetafuta kazi yake. Yeye alikuwa fundi sanifu wa mabomba, mwenye stashahada yake ya chuo, na jina la Mama Vipimo alipewa na mafundi wa kazini kwa sababu hakuweza kupita ukuta bila kuuwekea tepu. Kwake yeye, kitu kisichobeba maji, uzito au nguo za watu hakikuwa na kazi duniani.

Yote hayo yangebaki kuwa utani wa mawifi, lakini Bibi akaanguka.

Bibi alikuwa mama mzazi wa msusi na wa mume wa Mama Vipimo, na nyumba nzima ilimwita Bibi kwa kufuata watoto, ambao sasa walikuwa shule ya bweni. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa, mwisho wa ukumbi mrefu mwembamba. Ukumbi huo ulikuwa na kasoro moja. Sehemu ya mbele ilikuwa nyumba ya zamani, sehemu ya nyuma iliongezwa baadaye na mume wa Mama Vipimo kabla hajaoa, yaani kabla hajapata mtu wa kumshauri, na sakafu mbili hazikukutana. Katikati palibaki kidato kimoja cha kushukia. Mwenye macho hukishuka bila kufikiri. Bibi presha ya macho ilikuwa imemla pole pole. Aliona mwanga, aliona umbo la mtu mlangoni, lakini ukingo wa kitu chochote haukumjia tena. Siku hiyo kidato hakikumjia. Goti likavimba kama papai.

Mtoto wake wa kwanza, Kaka Mkubwa, alikaa mji mwingine, ghorofani, kwenye jengo lenye lifti. Alipopata habari alipiga simu na kutoa hukumu.

"Akianguka tena, namchukua. Kwangu hakuna vidato. Na nitamwekea mtu wa kumshika mkono kutwa."

Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mama yake kama watu wanavyopenda kikombe kizuri: kifungiwe kabatini kisije kikavunjika.

Bibi alisikiliza hukumu hiyo kwenye spika ya simu, mguu wake ukiwa juu ya mto. Simu ilipokatwa akasema, "Nimezaa watatu, nikawafundisha wote kutembea. Leo nifundishwe mimi? Nishikwe mkono hata kwenda chooni?"

"Anakuhofia, mama," mwanawe alisema.

"Ajihofie yeye na tumbo lake. Mimi nitafia chumbani kwangu, siku ambayo haijafika."

Mama Vipimo aliokota tepu akaenda kupima ukumbi. Alimtaka Bibi abaki, ila hakuwa na ufundi wa kusema maneno kama hayo. Kwa miaka yote ya ndoa yake, mtu pekee ndani ya nyumba aliyeweza kubishana naye mpaka mwisho alikuwa mama mkwe. Mume alikubali kila kitu, watoto waliogopa. Bibi akiondoka, nyumba ingebaki na amani, na amani ya namna ile hakuitamani.

Kesho yake alirudi kutoka kazini na kipande cha bomba la chuma, akamwekea Bibi mkononi.

"Nitakufungia hili ukutani, mama, kutoka chumbani kwako mpaka sebuleni. Utakuwa unalishika."

Bibi aliligusa akarudisha mkono kama aliyeguswa na chura. "Baridi. Kitanda cha hospitali hiki. Ukikiweka, nitapita ukuta wa pili."

"Ukuta wa pili una milango, mama. Utaingia stoo."

"Basi nitaingia stoo."

Na kila mtu alijua kwamba angeingia.

Ndipo msusi, aliyekuwa ameketi chini akimkanda mama yake goti, akasema kwa sauti ndogo, "Nitamsukia mimi reli. Ya fito."

Mama Vipimo alicheka. Hakuwa na ubaya. Kicheko kilimtoka tu, kama chafya. "Wifi, reli ni kitu cha kubeba mtu. Si kofia ya taa."

"Kichwa cha mwanadamu unajua kinavyovutwa? Mtu analalia misuko yangu mwezi mzima, analala kifudifudi, anaoga, anagombana, anavutwa na mtoto. Umewahi kuona msuko wangu ukifumuka?"

Hakuwahi, na kwa kuwa Mama Vipimo hakudanganya hata kwa adabu, akaenda kutafuta vishikizo vya ukutani.

Msusi alishuka bondeni mara mbili, akaleta fito mbichi, nyororo, za rangi ya kijani inayoelekea hudhurungi. Alizisuka palepale ukumbini akiwa ameketi kwenye kigoda, msuko mmoja mrefu mnene kama mkono wa mtu mzima, akiongeza ufito mpya pale wa zamani ulipoanza kwisha. Mama Vipimo alifunga vishikizo ukutani, msuko ukalazwa juu yake na kufungwa kwa fito nyembamba. Ulipokamilika, ukumbi ule ambao siku zote ulinuka chokaa na viatu ukanuka mto. Mwanga wa mlango wa nyuma uliteleza juu ya ngozi ya fito kama juu ya nywele zilizopakwa mafuta. Mama Vipimo alisimama akautazama mpaka chai ikapoa. Alitaka kutafuta kosa, akagundua kwamba mkono wake umekwisha ushika msuko na unaupapasa wenyewe.

"Ni mzuri," akasema.

"Nini? Sikusikia, wifi."

"Umesikia."

Bibi aliutumia. Alitoka chumbani peke yake asubuhi, akaenda jikoni kugombana na sufuria, akarudi. Goti lilipona. Kwa simu alimwambia Kaka Mkubwa kwamba sasa yeye ndiye wa kuja kumtembelea, maana mama yake ana safari nyingi za ukumbini.

Halafu msuko ukaanza kulia. Ilikuwa sauti ndogo, kikwi-kikwi, kila mkono ulipopita. Mume wa Mama Vipimo alidhani ni panya. Fito zilibadilika rangi, zikawa za kikahawia zaidi, nzuri hata kuliko mwanzo, na hakuna aliyejiuliza kwa nini zinalia. Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, Bibi alikuwa anarudi chumbani. Alipofika kwenye kidato akaegemea reli ili ashushe mguu, na reli ikazunguka mkononi mwake kama nyoka anayejigeuza. Akaketi chini kwa kishindo.

"Sijaanguka," alisema kabla hajaulizwa. "Nimekaa."

Na kweli hakuumia. Lakini jioni hiyo Kaka Mkubwa alipiga simu, na mume wa Mama Vipimo, ambaye ulimi wake hauna kufuli, akajibu, "Hajambo kabisa, amekaa tu kwenye kidato, ile reli imegeuka kidogo."

Upande wa pili ukajibu, "Jumamosi ya wiki ijayo nakuja na gari."

Mama Vipimo alimgeukia mumewe. "Wewe ukikaa kimya unapungukiwa nini?"

Asubuhi alikwenda saluni akiwa amevaa buti za kazini. Msusi alikuwa na kichwa cha mteja mapajani, mistari imefika nusu.

"Kazi yako imemwangusha mama."

Mteja alitaka kugeuka aone. Msusi akamshika kichwa. "Tulia, dada, utakuwa na njia iliyopinda." Akamaliza mstari mpaka kisogoni, akafunga ncha, ndipo akainua macho. Yalikuwa yamejaa machozi, lakini sauti ilikuwa kavu. "Nikimaliza huyu nakuja."

Alikuja, akapiga magoti ukumbini mbele ya reli, akashika ufito mmoja katikati ya msuko na kuuvuta kwa vidole viwili. Ukatoka wote, bila ubishi, kama sindano kwenye siagi. Akavuta wa pili. Nao ukatoka. Alikaa kwenye kidato akiwa na fito hizo mkononi, na Mama Vipimo aliyesimama juu yake alikuwa tayari kwa visingizio, maana katika kazi yake kila bomba linapovuja kuna mtu anayelaumu maji.

"Nimeusuka kama kichwa," msusi akasema.

"Kivipi?"

"Nywele ukizisuka zikiwa na maji, zikikauka zinajivuta. Msuko unakaza. Ndiyo maana mtu akitoka kusukwa analia usiku ule, hata kope hazifungi. Nami nilisema, fito hizi zina maji, ngoja zikauke, zitashikana zenyewe kama chuma." Aliinua ufito mmoja. "Kumbe huu haujivuti. Unakonda. Kila mmoja umekonda mahali pake, umemwachia mwenzake nafasi. Miaka yote ya kusuka imenidanganya, wifi. Asiyejua kusuka asingekosea hivi."

Hasira ilimtoka Mama Vipimo kama maji kwenye bomba lililofunguliwa chini. Si watu wengi aliowajua ambao wangeweza kutazama kosa lao usoni na kulieleza vizuri hivyo.

"Hata fundi mbao hatengenezi mlango kwa mbao mbichi," akasema. "Unakauka, unaacha upenyo wa kupitisha paka."

"Mbona hukuniambia?"

"Mimi nilidhani vijiti ni mapambo. Mapambo sikuwahi kuyafikiria."

Wakatazamana. Lilikuwa kosa la wawili, na kosa la wawili huuma kidogo kuliko la mmoja.

"Unahitaji fito kavu," alisema Mama Vipimo.

"Kavu zinavunjika. Ninazo, rundo zima juu ya dari ya saluni, za tangu kiangazi. Nilitaka kuzichoma."

"Zikilowekwa?"

Msusi alifikiri. "Ngozi yake nzito. Zitachukua siku nyingi kulainika. Na ni ndefu, beseni gani litazitosha?"

Mama Vipimo alikuwa amekwisha toa tepu.

Jioni alirudi na bomba nene la plastiki, la maji machafu, lakini jipya, akalifunga kifuniko upande mmoja kwa gundi, akalisimamisha kwenye kona ya bafu na kulifunga kamba lisianguke. Fito zikaingia zote, zimesimama wima kama mishale kwenye podo, na juu yake akamimina maji ya moto sufuria baada ya sufuria, akaweka jiwe juu zisielee. Kila asubuhi alimwaga maji yaliyopoa na kuweka ya moto mengine. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni.

"Naoga pamoja na msitu?" mumewe aliuliza.

"Oga kwa ndoo, nje. Wewe ndiye uliyepiga domo."

Alioga kwa ndoo, nje.

Walipochomoa ufito wa kwanza na msusi akauzungusha kidoleni, ukapinda bila kulia, ukakaa. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Sasa lilibaki suala la uti wa mgongo. Mama Vipimo alisema wazi kwamba hatamtegemeza mama mkwe wake juu ya fito pekee, ziwe kavu, ziwe mbichi, ziwe za dhahabu. Alitaka bomba la chuma ndani. Alijiandaa kwa vita, ila msusi akaitikia mara moja.

"Hata nywele za bandia husukiwa juu ya nywele zenye mizizi. Lete bomba lako."

"Na mama?"

"Wewe ndiye hodari wa kusema. Mwambie."

Mama Vipimo akamwambia. "Ndani kutakuwa na chuma, mama. Lakini hutakigusa."

"Nani amekuuliza?" alijibu Bibi. "Mimi nilisema baridi. Sikusema chuma." Halafu akaomba kiti kiwekwe ukumbini, kwa sababu kazi inayofanyika bila mtu wa kuisimamia huharibika.

Bomba likafungwa ukutani kwa skrubu ndefu, likafuata ukuta na kushuka pamoja na kidato. Ndipo msusi akaanza, na Mama Vipimo, aliyechukua likizo ya siku chache kwa mara ya kwanza tangu watoto wazaliwe, akawa mshikaji wake: kutoa fito kwenye maji, kuzifunika na taulo lenye unyevu, kumpa mkononi bila kuulizwa.

Hapo ndipo alipoona kwa kweli. Alikuwa amesukwa na mikono ile mara nyingi, lakini mtu anayesukwa huona sakafu tu. Sasa aliiona kazi. Kidole gumba cha kushoto kilitangulia, kikiulainisha ufito na kuuambia utakapopinda. Kidole cha shahada kikaubana. Mkono wa kulia ukaupitisha chini ya bomba, ukaurudisha juu, ukaulaza kando ya mwenzake bila nafasi ya kupitisha ukucha. Unene wa ufito haulingani, mwanzo ni mnene na mwisho ni kama mkia wa panya, na hiyo ilimtatiza Mama Vipimo kuliko kitu kingine. Bomba na bomba zikiungwa, kiungo huonekana, kuna uvimbe. Msusi aliunganisha unene na unene, wembamba na wembamba, akaficha ncha chini ya mzunguko unaofuata, na kiungo kikapotea. Mama Vipimo alipitisha vidole kukitafuta. Alirudia akiwa amefumba macho. Hakukipata.

"Unatafuta nini hapo?" Bibi aliuliza kutoka kitini.

"Mwisho wa ufito."

"Hata mimi niliutafuta asubuhi. Huyu mtoto alikuwa akificha hivyo hivyo sukari."

"Mama," alisema msusi.

"Nimesema uongo?"

Bibi hakuwa anasimamia kwa mdomo tu. Kila kipande kilipokamilika, alikuja kukipima kwa kiganja, akatoa amri. Hapa kuna ncha inachoma, ikate. Hapa umelegeza, ulikuwa unawaza nini? Walipofika mlango wa bafu akasema, "Nitajuaje kuwa nimefika? Sitaki kuingia stoo." Msusi akageuza mwelekeo wa msuko mbele ya mlango huo, fito zikalala upande wa pili, na kiganja kilichotoka chumbani kikakutana na manyoya yaliyorudi nyuma, kama mgongo wa paka aliyepapaswa vibaya. Mbele ya jikoni akatumia fito alizozimenya, nyeupe, laini kama sabuni. Bibi alicheka alipozigusa.

"Na kwenye kidato," alisema, sauti ikashuka, "kwenye kidato niwekee kitu ambacho hata nikiwa na hasira nitakisikia."

Msusi alichukua fito nene kuliko zote, akasuka pete kubwa kuzunguka reli, hatua moja kabla ya kidato, na nyingine kama hiyo upande wa chini kwa anayerudi. Zilikuwa nene kama vilemba. Mkono usingeweza kupita bila kusimama. Alipokaza pete ya pili mishipa ya shingo ilimsimama, na Mama Vipimo akashika ncha ya pili akavuta kwa nguvu zake za kufungia mabomba, wakiwa wamekanyaga ukuta kwa buti na kandambili, mawifi wawili wakivuta kitu kimoja upande mmoja, jambo ambalo mume wa Mama Vipimo alisimama mlangoni kulishuhudia.

Reli ikaachwa ikauke. Kila alipopita, Mama Vipimo aliishika na kuizungusha, akingoja ile sauti ya kikwi-kikwi. Hakuisikia. Hata hivyo Ijumaa hakula vizuri.

Jumamosi Kaka Mkubwa alifika. Alikuwa mtu mpana, mwenye moyo mzuri na pumzi fupi, na alikuwa amemnunulia mama yake begi jipya la magurudumu, lenye vibandiko vya dukani bado. Alilisimamisha sebuleni. Alisalimia kila mtu kwa heshima, akamshukuru Mama Vipimo kwa kumtunza mama, maneno ambayo ndani yake mlikuwa na kwaheri.

"Shemeji, usinielewe vibaya. Mmejitahidi sana. Ila mara mbili, shemeji."

"Ya pili alikaa," alisema mume wa Mama Vipimo, na mkewe akamkanyaga mguu.

"Nenda ukaone ukumbi kwanza," Mama Vipimo alimwambia shemeji yake. "Halafu useme."

Akaenda, na wote wakamfuata. Alisimama katikati ya ukumbi, juu ya kidato, akautazama ule msuko mrefu wa kahawia uliotoka mwanga wa nyuma mpaka mwanga wa mbele, wenye pete zake na sehemu zake nyeupe. Alipuliza pumzi kidogo. "Kazi nzuri hii," akamwambia dada yake, na alimaanisha. "Nzuri kweli. Ila pambo ni pambo."

Kabla msusi hajajibu, mlango wa mwisho ulifunguka. Bibi alikuwa amesikia sauti na hakupenda kungojwa.

"Amefika na hajaja kunisalimia? Ndivyo nilivyokulea?"

Akaja. Mkono wa kulia ulitambaa juu ya msuko, mwepesi, kama mtu anayempapasa mtoto kichwani akiwa anazungumza na mtu mwingine. Na kweli alikuwa anazungumza: barabara ilikuwaje, mbona hakuleta wajukuu, kwa nini pumzi yake inasikika tangu mlangoni. Akalipita bafu. Mkono ukakutana na pete, ukapumzika hapo kama unavyosimama kwenye kona unayoijua, mguu ukapanda kidato, na Bibi akamgonga Kaka Mkubwa tumboni.

"Nani kasimama njiani?"

"Mimi, mama."

"Ukumbi mzima hauna kitu cha kujikwaa ila wewe."

Mume wa Mama Vipimo alicheka akajifanya anakohoa. Kaka Mkubwa alimkumbatia mama yake, akanusa kitambaa chake cha kichwani kama mtoto, lakini ukaidi alikuwa na pa kuurithi.

"Unaijua njia, mama, ndiyo maana. Mtu asiyeona kabisa asingeweza."

"Jaribu wewe," Mama Vipimo alisema.

"Mimi?"

"Fumba macho. Nenda mpaka chumba cha mama urudi. Hiyo reli unasema ni pambo."

Alikuwa mtu wa haki, akakubali. Wakampeleka mwanzo wa ukumbi, akafumba macho, akashika reli na kuanza kutembea haraka haraka, akitaka kumaliza upuuzi. Jikoni akatamka, "Hapa laini," kwa mshangao. Akaendelea. Mkono wake ukagonga pete, na kwa kuwa hakujua pete inasema nini, akauinua, akairuka, akatupa mguu mbele mahali ambapo sakafu haikuwepo.

Uzito wote ule ukaenda hewani. Mkono ukarudi kuikamata reli, Kaka Mkubwa akaning'inia, akazunguka, akaishika na kwa mkono wa pili, na ukumbi mzima ukasubiri mlio wa skrubu au wa fito. Hakuna kilicholia. Msuko haukugeuka hata upana wa ukucha. Kaka Mkubwa alijishusha pole pole akaketi kwenye kidato, miguu imenyooka mbele, macho wazi sasa, mikono bado juu, imeshikilia.

Mama Vipimo alikwenda kwenye reli, akaipapasa kuanzia kishikizo hadi kishikizo, akapita juu ya vidole vya shemeji yake, akamgeukia wifi yake. Kazini alikuwa na neno moja tu la kusifia, neno la mwisho baada ya bomba kujazwa maji yenye shinikizo na kuachwa, na mafundi walioshinda mwaka mzima wakilingoja hawakuwa wachache.

"Imeshika," alisema.

Msusi aliangalia pembeni haraka, akaanza kuokota uchafu usiokuwepo sakafuni.

Bibi hakuwa amesogea. "Mmoja wenu ananiambia nini kimetokea?"

"Amekaa, mama," alisema mume wa Mama Vipimo.

"Kwenye kidato?"

"Kwenye kidato."

"Basi apishe, napita."

Kaka Mkubwa alikunja miguu yake. Mama yake akaweka mkono juu ya reli, akaisikia pete, akashuka kidato kando ya mwanawe bila kumgusa, akaenda zake akilalamika kwamba redio imeachwa ikiongea peke yake chumbani. Walimsikia akifika, walisikia mguno wa kitanda. Kaka Mkubwa alitazama kiganja chake, kilichokuwa na alama za msuko, mstari na mstari, kama shavu la mtu aliyelalia mkeka.

"Basi, shemeji," akasema.

"Basi nini?" aliuliza Mama Vipimo, maana alitaka lisemwe.

"Basi abaki."

"Nimesikia," sauti ya Bibi ilitoka chumbani. "Na huo mlango wa mbele mmeuacha wazi, vumbi linaingia."